Koti Nililolirudisha Jumatatu

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mwanzo 27:15–27, Mwanzo 37:31–33, Walawi 6:1–7, Mithali 20:14, Luka 19:1–10



Mchungaji aliponiomba niandike fundisho la juma hili juu ya uaminifu katika kununua na kuuza, niliona ni kazi nyepesi. Nikajua nitaandika juu ya wenye maduka wanaopunja, juu ya mizani isiyo ya haki, juu ya wanaotuuzia mbolea iliyochanganywa na mchanga. Nikaketi na kalamu jioni mbili. Kila nilipoanza kuandika dhambi za watu wengine, koti moja la bluu likawa linanijia mbele ya macho. Jioni ya tatu nikasema, basi, Bwana, nitaandika habari za koti.

Mwaka jana, mwezi wa kumi, binti ya ndugu yangu aliolewa huko upande wa Bomet. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusimama na kusema maneno ya ukoo. Bonasi ya majani chai ilikuwa imeingia, lakini ninyi wenyewe mnajua bonasi. Kabla haijafika mfukoni ilikuwa imeshagawanywa: karo, deni dukani, mchango wa harusi yenyewe. Na koti langu la Jumapili lilikuwa limeisha viwiko.

Ijumaa nikashuka Litein, nikaingia duka moja la nguo, nikachagua koti la bluu nzito la shilingi 4,500. Nikamuuliza binti anayeuza, "Lisiponitosha ninaweza kulirudisha?" Akanijibu kwa heshima, "Ndiyo, mzee, ndani ya siku saba. Bora tu lisiwe limevaliwa, na uje na risiti." Nikaitikia. Kwa hiyo siwezi kusema sikuelezwa.

Lile koti lilikuwa linanitosha sawasawa. Lebo yake niliingiza ndani ya mkono nikaifunga kwa pini. Jumamosi nikalivaa kutwa nzima. Nilisema maneno ya ukoo, watu wakapiga makofi, nikala, nikanywa mursik, nikapigwa picha. Jumapili jioni tukalianika nje ili harufu ya moshi itoke. Jumatatu nikalikunja kwa mikunjo ileile ya dukani, nikalipeleka. Nikasema, "Linanibana mabegani."

Yule binti alilishika, akalileta karibu na pua kidogo, akaangalia lebo, akaniangalia mimi. Kisha akasema, "Sawa, mzee." Akanihesabia pesa zangu zote.

Nikarudi nyumbani nikisifu akili yangu. Usiku nikawasimulia watu wa nyumba yangu wakati wa chakula, jinsi mzee alivyovaa koti la 4,500 bila kutoa hata senti. Tukacheka. Kijana wangu wa kidato cha tatu ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mwandishi wa Mithali alimwona mtu kama mimi zamani sana. Katika Mithali 20:14 anamweleza mnunuzi anayekiponda kitu akiwa mbele ya muuzaji, halafu akishaondoka anajigamba. Mimi nilitimiza pande zote mbili: dukani nikaliponda koti, nyumbani nikajigamba.

Majani ya jana chini ya gunia

Shule zilipofungwa mwisho wa mwaka, kijana akawa anatusaidia kuchuma. Siku moja mvua iliharibu barabara, lori la kiwanda likachelewa sana, na sehemu ya majani yetu ikarudi nyumbani. Majani yakilala kwenye gunia yanapata joto, yanaanza kuwa mekundu, na harufu yake inabadilika. Hayo ni ya kumwaga tu.

Kijana wangu hakuyamwaga. Asubuhi aliyaweka chini ya gunia, juu akaweka mazuri, majani mawili na chipukizi, mabichi yanayong'aa. Lakini karani wetu si mtoto. Alimwaga gunia lote mezani, akachambua kwa mkono, na yale mekundu yakatokea. Akalikataa gunia lote mbele ya foleni ya majirani. Mimi nilipigiwa simu nije kulichukua.

Njiani nilimkemea sana. Nikamwambia majani ya wakulima wote yanaingia lori moja na kiwanda kimoja. Ukiingiza mabovu, chai ya wote inashuka ubora, na ikifika mnada wa Mombasa bei inashuka kwa kila mtu, hata kwa mjane anayeleta kilo tano tu kwa siku. Nilimwambia huo ni wizi, ila tu huoni uso wa unayemwibia. Nilisema vizuri, nafikiri. Kijana alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema polepole, bila dharau yoyote, "Lakini baba, si wewe ulirudisha lile koti?"

Sikuwa na jibu. Tulitembea mpaka nyumbani bila neno, yeye na gunia mgongoni, mimi nyuma yake.

Usiku huo nilisoma habari za Yakobo, na ninawaomba mzisome pia. Katika Mwanzo 27 Yakobo anavaa nguo za kaka yake Esau ili apate baraka ambayo si yake. Isaka, ambaye macho yake yamefifia, ananusa zile nguo na kuamini. Nguo ilimsaidia mdomo kusema uongo. Halafu twende Mwanzo 37. Sasa Yakobo mwenyewe ni mzee, na wanawe wanamletea kanzu ya Yusufu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Wanamwomba tu aitazame kama ni ya mwanawe. Hawakusema wao kwamba mnyama amemla. Waliiacha kanzu iseme, na baba yao akailia miaka mingi.

Biblia haisemi kama wale vijana walijua jinsi baba yao alivyompata Isaka. Wangu alijua. Nilimfundisha mimi mwenyewe, kwenye meza, tukicheka.

Maneno tunayojitetea nayo

Wapendwa, jambo hili si dogo katikati yetu. Nimewasikia watu waliookoka wakilieleza kama ujanja wa kawaida. Kwa hiyo tupime hoja zetu moja moja, maana mimi mwenyewe nilizitumia zote.

Ya kwanza: "Mwenye duka ni tajiri, haumii." Nitawaonyesha mbele kidogo ni nani aliyeumia kwa koti langu. Lakini hata kabla ya hapo, kumbukeni lori la majani. Hasara ya duka haikai kwa mwenye duka. Inamwagwa pamoja na za wengine, halafu inarudi kwetu sote kwenye bei. Mama anayenunua sweta ya shule mwezi wa kwanza analipia kidogo koti ambalo mzee wa kanisa alivaa bure. Ni majani yangu mekundu ndani ya gunia lake.

Ya pili: "Na wao wanatupunja." Ni kweli wako wanaopunja, na nitawafikia. Lakini yule binti wa Litein hakuwa amenipunja. Nilimtoza deni la watu wengine. Na hata kama angekuwa amenipunja yeye, Bwana wetu katika Mathayo 7:12 hakutuambia tuwatendee watu vile wanavyotutendea. Alituambia tuwatendee vile tungependa wao watutendee.

Ya tatu: "Nililivaa siku moja tu. Koti halikupungua kitu." Hoja hii ilinisumbua kwa muda, kwa sababu inaonekana kuwa na ukweli. Vifungo vilikuwa vyote, bitana ilikuwa nzima. Kwani nilichukua nini? Nilichukua upya wake. Koti jipya linauzwa pamoja na upya wake, na upya ni sehemu ya bidhaa kama vile vifungo na bitana. Tena upya unauzwa mara moja tu. Likishavaliwa harusini, hata ulifue na kulipiga pasi, hilo sasa ni la mtumba. Na la mtumba lina bei yake, kila mtu anayepita sokoni Kericho anaijua tofauti. Mimi niliutumia ule upya wote mbele ya wageni, nikarudisha kilichobaki, nikadai bei yote.

Ya nne: "Mbona duka lenyewe lilikubali?" Isaka naye alikubali. Alimbariki kwa hiari yake. Lakini mtu akikubali kwa sababu ya uongo uliomwambia, alichokikubali ni ule uongo. Yule binti alikubali kupokea koti ambalo halikuvaliwa na lililonibana mabegani. Koti la namna hiyo halikuwako.

Hapa ndipo nilipoona dhambi yangu ilipolala. Ningeweza kumwambia ukweli ile Ijumaa: "Binti, kesho nina harusi, uwezo sina. Nikodishie hili koti siku moja, nitakulipa 500, na nikilichafua nitalinunua." Labda angempigia tajiri wake simu, na tajiri angekubali. Labda angekataa. Vyovyote vile, koti ni lake na neno ni lake. Mimi nilimnyang'anya nafasi ya kusema hapana. Kuazima na kuiba mara nyingi vinatofautiana kwa jambo moja tu: kama mwenyewe alijua. Yule mwana wa manabii katika 2 Wafalme 6, shoka lilipomtumbukia mtoni, alipiga kelele kwa sababu lilikuwa la kuazima. Alijua ni la nani na mwenyewe alijua liko kwa nani. Mimi nilikuwa na koti la watu mgongoni, na dukani wanafikiri ni langu, na harusini wanafikiri ni langu.

Mtu ataniuliza, "Na umaskini je? Mzee asimame mbele ya wakwe na viwiko nje?" Ni swali la haki. Aibu ya umaskini inauma, na kanisa lisiidharau. Lakini nilikuwa na njia nyingine. Ndugu yangu mmoja ana makoti matatu, tena mwili wetu ni mmoja. Mtumba ulikuwako. Sikwenda huko kwa sababu wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri, na mimi niliogopa mtu asije akaitambua. Nilikubali kumdanganya mtu nisiyemjua ili nisionekane nimeazima kwa ndugu ninayemjua. Huo si umaskini, wapendwa. Ni kiburi kilichovaa nguo za umaskini.

Wala msifikiri ni mambo ya huku kwetu tu. Marekani, ambako maduka makubwa huwa na mazoea ya kupokea vitu vinavyorudishwa, watu hununua gauni la sherehe, wakalivaa usiku mmoja na kulirudisha. Mwaka 2013 maduka ya Bloomingdale's yalianza kuweka kibandiko kikubwa cheusi sehemu ya wazi kwenye magauni ya bei, na kikishaondolewa gauni halirudishwi. Kwa hiyo hata walio na pesa wamelazimika kushonewa uaminifu kwa nje. Sisi Bwana alisema ataandika sheria yake ndani, mioyoni.

Kila kitu kirudi na habari zake

Sasa, je, mkristo asirudishe kitu dukani kamwe? Hapana, sisemi hivyo. Kurudisha si dhambi. Nimetafuta kanuni moja ambayo mtoto wa shule ya Jumapili anaweza kuibeba, na nimeipata hii: kitu kikirudi dukani, kirudi na habari zake zote. Kile ulichokifanya nacho, siku ulizokuwa nacho, na sababu ya kweli ya kukirudisha. Kama huwezi kuzisema habari hizo kwa sauti pale kaunta, watu wakisikia, basi kitu hicho ni chako, rudi nacho nyumbani.

Tuipime. Umemnunulia mtoto viatu vya shule, na siku ya pili soli imefunguka. Rudisha, mpendwa, tena bila kuogopa. Sema, "Amevivaa siku mbili, soli imeachia." Habari hizo ni za kweli, na zinamdai muuzaji wala si wewe.

Umenunua sweta, mtoto akaijaribu chumbani, ikawa ndogo. Sema hivyohivyo. Muuzaji ataamua kukubadilishia, na akikubali mshukuru, maana kosa la kipimo lilikuwa lako.

Umenunua pampu ya kupiga dawa siku ya Ijumaa, ukapiga dawa ya kuua magugu shamba zima, ukaiosha haraka, Jumatatu ukairudisha ukisema haina nguvu. Hapo kuna ubaya kuliko wa koti langu. Dawa ya magugu hubaki ndani ya tangi na mpira. Jirani yako atainunua kama mpya, aweke mbolea ya maji, apulizie sukuma wiki zake, na baada ya siku chache zianze kunyauka. Atafikiri ni ugonjwa. Atamlilia Mungu amwombe aponye shamba, na wewe umekaa kiti cha nyuma yake kanisani.

Umelipa kwa M-Pesa, ukatoka na unga na mafuta, halafu nje ya mlango ukatuma ujumbe kwa 456 kudai ulikosea namba ili pesa zirudi. Njia hiyo iliwekwa kwa mtu aliyekosea kweli. Wewe hujarudisha hata bidhaa, umerudisha pesa peke yake. Habari gani hiyo unayoweza kuisema kwa sauti?

Na sasa nitasema neno gumu kwetu sisi wa kamati. Tukinunua maikrofoni na spika siku ya Alhamisi, tukazitumia krusedi ya siku tatu, na Jumatatu tukazirudisha tukisema zina kelele, tusiseme ilikuwa kazi ya Mungu. Daudi katika 2 Samweli 24:24 alipewa uwanja na ng'ombe bure, tena na mwenyewe kwa hiari, na bado akakataa kumtolea Bwana kitu kisichomgharimu. Sisi tutamtoleaje kitu kilichomgharimu fundi wa duka asiyejua?

Na wewe muuzaji

Wako kati yetu mama na ndugu wenye maduka, kuanzia Kapkatet mpaka Sotik, na najua mpaka hapa wamekuwa wakisema "Amina" kwa sauti. Kanuni ni ileile kwenu.

Ukutani umeandika kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Naelewa kwa nini umeandika. Watu kama mimi ndio waliokufanya uandike. Lakini maandishi hayo usiyatumie kumfukuza mama aliyeletewa pasi isiyopata moto. Katiba yetu ya mwaka 2010, Kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa za ubora unaofaa. Na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012 inamhesabu muuzaji kuwa ametoa hakikisho kwamba kitu anachouza kinafaa kuuzwa. Karatasi ya ukutani haiwezi kuishinda sheria ya nchi, sembuse Neno la Mungu.

Tena ukirudishiwa kitu kilichotumika, usikipanguse ukakirudisha rafuni kama kipya. Kiuze, lakini na habari zake: "Hiki kilirudishwa, kina alama hapa, nakupunguzia." Kumbukumbu la Torati 25:13 inakataza kuwa na mawe mawili ya kupimia katika mfuko mmoja, kubwa na dogo. Muuzaji anayesema "chako hakirudi" kwa mteja, halafu yeye akampelekea msambazaji wake bidhaa alizoziharibu mwenyewe, ana mawe mawili. Mnunuzi anayemlaani karani kwa kukataa majani, halafu akarudisha koti alilolivaa, anayo pia. Ninamjua huyo, ni mimi.

Nilivyorudi Litein

Nilikaa na jambo hili wiki tatu. Nilikuwa natubu kila asubuhi, na kila asubuhi naamka nalo. Halafu nikasoma Walawi 6. Pale Mungu anamzungumzia mtu aliyemdanganya jirani yake katika mali. Anamwambia arudishe yote, aongeze sehemu ya tano juu yake, na ampe mwenyewe. Kisha ndipo kuhani anaingia na sadaka ya hatia. Nikaelewa kwamba nilikuwa naruka hatua. Nilikuwa napeleka madhabahuni deni la kaunta.

Nikaenda Litein na kijana wangu. Sikutaka aende, yeye ndiye aliyeniuliza kama anaweza kuja. Tulimkuta mwenye duka, mtu wa makamo. "Chamgei, mzee," akanisalimu vizuri. Nikamweleza yote, pini, harusi, na mabega.

Alinyamaza kidogo, kisha akanieleza upande wake. Koti lilirudishwa kwenye hanga na likauzwa kwa mtu mwingine kama jipya, kwa 4,500. Baada ya siku chache mteja akalirudisha kwa hasira. Ndani ya mfuko wa kifuani alikuwa amekuta karatasi ya ratiba ya harusi, na kwenye ukingo wa mkono kulikuwa na doa la mursik ambalo sisi hatukuliona. Mwenye duka akampunguzia yule mteja shilingi 1,500 ili yaishe. Na hizo 1,500 akamkata yule binti kwenye mshahara, 750 mwezi mmoja na 750 mwezi uliofuata, kwa sababu ndiye aliyelipokea koti bila kulikagua.

Mnaona, wapendwa? Nilikuwa nimesema mwenye duka ni tajiri, haumii. Na kweli hakuumia hata shilingi. Aliyeumia ni binti anayeamka alfajiri kushika matatu kuja kuuza nguo ambazo hawezi kuzinunua.

Alikuwa pale nyuma akipanga mashati. Nikamwita, nikamwomba msamaha mbele ya tajiri wake na mbele ya kijana wangu, nikampa 1,800: zile 1,500, na 300 ambazo ni sehemu ya tano. Zakayo alirudisha mara nne, mimi sikufika huko. Alizihesabu kimyakimya, akaziweka mfukoni.

Nikamuuliza, "Siku ile, hukujua?"

Akasema, "Nilijua, mzee. Lebo ilikuwa na tundu la pini."

"Mbona hukusema?"

Akaangalia chini. "Nilikuwa nimekuona kwenye mkutano wa uwanjani, umeshika maikrofoni, ukituombea. Nikaona, nitamwambia nini mtu wa Mungu mbele ya watu?"

Sikuweza kujibu hilo pia. Nimewaandikia hapa kwa sababu bado linanifuata. Heshima aliyonipa kwa ajili ya Kristo ndiyo niliyoitumia kama pini ya pili, ya kuficha lebo. Sijui kama amenisamehe. Hakusema, na mimi sina haki ya kumdai. Neno lilinidai kurudisha. Kusamehe ni kwake.

Tulipofika kituo cha matatu kijana wangu alininunulia chai kwa pesa zake mwenyewe. Hakusema kitu juu ya yale yaliyotokea. Lakini wiki iliyofuata lori lilichelewa tena, na asubuhi niliona majani ya jana yamemwagwa chini ya migomba, gunia zima, na gunia jipya limeshaanza kujazwa.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Je, nyumbani mwako kuna kitu ulichowahi kukirudisha dukani, ambacho habari zake hukuzisema zote? Ni nani aliyebeba hasara yake?

2. Watoto wetu wanajifunza nini kutokana na hadithi tunazozisimulia tukila na kucheka?

3. Wenye maduka: tunawezaje kuandika ukutani maneno ya kweli, yanayomlinda muuzaji bila kumnyima mnunuzi haki yake?

4. Soma Mathayo 5:23–24. Ni deni gani la kaunta unalolipeleka madhabahuni?

Tuombe

Baba, unaona mpaka chini ya gunia na ndani ya mkono wa koti. Utusamehe tulivyowadanganya watu wasioweza kutujibu. Utupe ujasiri wa kurudi mahali tulipokosea, na pesa mkononi, na habari zote mdomoni. Uwabariki binti na vijana wanaouza katika maduka ya watu, mshahara wao usikatwe kwa ajili ya dhambi zetu. Katika jina la Yesu. Amina.